Mguu wa Kushoto wa Mama Ikram

Tatu binti Awadhi ana miguu miwili kama watu wengine, lakini unaojulikana Korogwe ni wa kushoto. Kandambili yake ya kushoto huisha miezi mitatu kabla ya ile ya kulia, na wauza kandambili wa sokoni humtania kwamba siku moja watamuuzia mguu mmoja mmoja. Yeye hucheka nao. Jioni, akiukanda mguu huo kwa maji ya moto na chumvi, hacheki, lakini saa hizo wauza kandambili wameshafunga na hakuna wa kumwona.

Mumewe ni Mhina, fundi magari, na gereji yake iko uani kwao, mabati sita juu ya nguzo nne. Anasifika kwa breki na klachi. Sasa kazi hiyo, ya kutoa mafuta ya zamani kwenye mfumo na kuingiza mapya bila kuacha upepo ndani, ni ya watu wawili. Mmoja analala chini ya gari na spana. Mwingine anakaa nyuma ya usukani na mguu juu ya pedeli. Wa chini anaamuru, wa juu anatii. Kanyaga, kanyaga, kanyaga. Shikilia. Hapo wa chini anafungua kiskrubu, mafuta machafu yanaruka kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye chupa, anafunga. Achia. Wa juu akiachia kabla kiskrubu hakijafungwa, mfumo unavuta upepo, kazi yote inaanza upya, na wa chini anaruhusiwa kutukana.

Miaka kumi na mmoja iliyopita msaidizi wa Mhina hakutokea kazini, na kulikuwa na gari la mtu mwenye haraka. Mhina akaingia jikoni akamwambia mkewe, "Mama Ikram, njoo unikanyagie, mara moja tu." Tatu akafuta mikono ya unga akaenda. Hiyo mara moja haijaisha mpaka leo. Ameacha sufuria jikoni mara ngapi, ameacha wageni sebuleni, siku moja aliitwa akiwa anajiandaa kwenda msibani na akafika maiti ameshazikwa. Wasaidizi wengine walijaribiwa, lakini Mhina alidai hawasikii. Kila mmoja alikuwa na mguu mzito au akili iliyo kwenye simu. Mguu wa Tatu ulikuwa unasikia. Sifa nyingine ni kamba, na yeye alifungwa kwa hiyo.

Amekalia viti vya madereva vya magari asiyoweza kuyahesabu, Fuso, Canter, Noah, pikapu za misheni na magari ya maharusi, na hajawahi kuliendesha hata moja kutoka pale uani. Hilo nalo hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni jambo la ajabu.

Jumamosi ninayoizungumzia, gari lililokuwepo lilikuwa Land Rover kuukuu la Habakuki, mfanyabiashara wa Mpale anayeteremsha ndizi na mboga kutoka milimani. Wiki ile, kwenye mteremko wa kwao, klachi ilimwishia mafuta. Habakuki akafanya wanalofanya madereva wote wa milima ile wakikwama mbali na duka: akakoroga maji ya sabuni, akajazia kwenye kikopo cha klachi, akafika mjini akijisifu. Sabuni inafikisha, ni kweli. Lakini ukiiacha humo inakula mipira na kuleta kutu, na kilichotoka kwenye mpira wa Mhina asubuhi ile kilikuwa kijivu chenye mapovu, kama maji ya kufulia nguo za fundi mwenyewe.

"Mfumo huu unahitaji kuoshwa wote," Mhina alisema. "Lakini saa tatu tutakuwa tumemaliza. Tutalijaribu hilohilo mpaka Misima. Habakuki karuhusu."

Misima. Hilo ndilo neno lililomfanya Tatu asilale vizuri wiki nzima. Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, ukoo wao ulikuwa unakaa huko, kijijini kwao, kugawa mashamba ya marehemu baba yake. Hakuwa anakwenda kugombea urithi. Urithi una hesabu zake na masheikh wanazijua. Yeye alikuwa na kipande chake cha bondeni, chenye michungwa ishirini na miwili aliyoipanda kwa mkono wake kabla hajaolewa, na baba yake alimpa akiwa mzima wa afya, akasema mbele ya mashahidi wawili, "Hiki ni cha Tatu, kisihesabiwe na vyangu." Shahidi mmoja alishazikwa. Wa pili ni mama yake Tatu, Bibi Mwanaisha, ambaye tangu nyonga yake iharibike anaishi Korogwe kwa binti yake. Bibi hawezi kupanda pikipiki. Basi hawezi kupanda wala kushuka. Ushahidi kwa simu wazee wa ukoo walishaukataa. Walisema wanataka kuuona uso unaosema. Kwa hiyo shamba la Tatu lote lilikuwa limeegemea nyonga ya bibi, nyonga ya bibi imeegemea kiti cha mbele cha Land Rover, na Land Rover limeegemea klachi. Kaka yake, Jabiri, ambaye ndiye anayelima kipande kile kwa sasa na kuuza machungwa yake, alikuwa na hamu kubwa asubuhi hiyo ya kutoona uso wowote.

Bibi Mwanaisha alikuwa amevaa tangu alfajiri. Baibui jeusi, kanga mpya mabegani, fimbo magotini. Aliwekewa kiti uani, naye akakigeuza akalipa mgongo Land Rover. Haikuwa kununa. Ni adabu. Kwao mama mkwe hamwangalii mkwe wake akiwa amelala, na fundi wa klachi yuko kazini mgongo ukiwa chini, shati limepanda na kitovu kiko nje. Miaka yote aliyokaa kwao, Mhina akiingia chini ya gari, bibi hugeuza kiti. Naye Mhina kwa upande wake hajawahi kumjibu mkwewe kwa sauti ya juu, wala kumpa kitu kwa mkono mmoja. Katika nyumba ile ndogo watu hao wawili waliheshimiana mpaka ikawa kazi.

"Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia."

Saa tatu ilipita. Mafuta ya kijivu yakatoka, yakaja ya kahawia, Mhina akatoka kumwaga chupa na kujazia kikopo cha juu, akarudi chini. Saa nne ikapita. Jua likaingia kwa dirisha la dereva likakaa juu ya paja la Tatu. Kiti cha Land Rover kilikuwa kimechanika na waya mmoja ulimgusa palepale kila alipokanyaga.

"Baba Ikram, tutawahi?"

"Bado kuna upepo. Kanyaga."

Akakanyaga. Kupitia kioo aliona mgongo wa mama yake, na mbele ya mama yake ukuta, na juu ya ukuta kipande cha barabara ambako mabasi ya Handeni yalikuwa yanapita moja baada ya jingine. Moyo ulikuwa unamwenda mbio lakini hakuwa na pa kuupeleka. Mtu akiwa na haraka hutembea huku na huku, au hupiga simu. Yeye alitakiwa atulie, ashikilie. Hata kupangusa jasho alipangusa kwa kuogopa, mguu usije ukateleza. Akajikaza kisabuni. Aliwaza kwamba wanawake wenzake walioteswa na waume zao walau wana kisa cha kueleza. Yeye angesema nini? Kwamba mume wangu ananiambia kanyaga?

Ilikuwa saa tano hivi mguu ulipomwambia.

Hili nalieleza polepole kwa sababu ndilo lenyewe. Klachi yenye upepo ndani ni laini. Pedeli inazama kama unakanyaga mto wa pamba, halafu ndipo inashika. Upepo ukiisha, pedeli inakuja juu, inakuwa ngumu, inakusukuma unyayo tangu mwanzo. Hakuna aliyemfundisha Tatu hayo. Ameyajua kwa kukaa pale miaka kumi na mmoja, kama mtu anavyoijua ngazi ya kwao gizani. Na sasa, kwenye kanyaga ya kwanza tu, pedeli ya Habakuki ilimsukuma. Ikamsukuma ya pili. Ya tatu. Alikumbuka kwamba ilikuwa inamsukuma hivyo tangu muda mrefu, tangu Mhina alipomwaga ile chupa ya kwanza, na kwamba yeye alikuwa na mawazo ya Misima kichwani hakuusikiliza mguu wake mwenyewe.

"Baba Ikram, klachi imepanda."

"Bado," sauti ilisema kutoka chini.

"Imepanda. Imekaza."

"Mimi ndiye ninayeona mafuta, wewe unaona nini huko? Yana mapovu bado. Shikilia."

Akashikilia. Akasikia kiskrubu kinafunguka, pedeli ikazama chini ya unyayo wake mpaka mwisho. Hapo ndipo alipokuwa ameshikwa barabara. Angeweza kutoka akaenda kuitazama chupa kwa macho yake, lakini akiinua mguu sasa upepo unaingia, gari linaharibika kweli, na Misima hafiki. Akiacha mguu palepale, wa chini ataendelea kusema bado mpaka adhuhuri ipite. Mwenye macho ya kuitazama ile chupa alikuwa mmoja tu pale uani, na huyo alikuwa ameipa mgongo kwa heshima.

"Mama!" Tatu aliita.

"Naam, mwanangu."

"Geuka, mama. Kuna chupa karibu na gurudumu. Niambie mafuta yana rangi gani."

Bibi Mwanaisha hakutikisika.

"Mkwe wangu amelala hapo, Tatu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba."

"Mama Ikram, usimsumbue mama," Mhina alisema haraka. "Ni mambo ya gari haya, hayajui."

Afadhali asingesema hilo la mwisho. Bibi Mwanaisha alikaanga maandazi kando ya barabara ya Handeni miaka ishirini na mitano, na jambo moja ambalo hakuna mkwe wa kumwambia halijui ni mafuta. Akaiegemea fimbo, akainuka kwa vituo vitatu, akavuta mtandio mpaka karibu na macho ili asione zaidi ya anachotakiwa kuona, akageuka. Akasogea mpaka kwenye gurudumu.

"Mhina, baba," alisema kwa upole, "nipe hiyo chupa."

Angekuwa mtu mwingine yeyote, Mhina angejibu kwamba chupa haitolewi kazi ikiendelea. Lakini alikuwa mama mkwe. Mikono miwili ikatoka chini ya Land Rover, ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, imeishika chupa kwa adabu zote, na mpira ukachomoka ukabaki unaning'inia. Bibi akaiinua juani.

"Haya ni mapya," alisema. "Rangi ya alizeti. Haya hayajakaanga hata andazi moja."

Tatu akainuka kwenye kiti. Hakuamua kuinuka, mwili ulimwinua wenyewe, na mguu wa kushoto ukaja pamoja na mwili. Chini ya gari kitu kikafyonza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayenyonya jino.

"Umeachia!" Mhina akapiga kelele. "Mama Ikram, umeachia! Kiskrubu kilikuwa wazi!"

"Nimeachia."

"Upepo umeingia sasa. Umeingia kweli."

Kweli. Neno hilo alilisema mwenyewe, na baada ya kulisema hakutoka chini ya gari. Nadhani aliona ni rahisi kuiambia gia boksi ukweli kuliko kuuambia uso wa mtu.

"Jabiri alinipigia juzi," alisema. "Aliniomba nikucheleweshe tu. Nikamwambia sitaki. Halafu nikawaza. Wewe ukipata shamba lako na nyumba ya mama yako iko hukohuko, utakaa Korogwe ufanye nini? Nani atanikanyagia?"

Tatu alishuka akasimama kando ya mlango wa gari, ameshika kioo cha pembeni. Alikuwa amejiandaa kusikia jambo lolote. Kama angesema kwamba anaona wivu, kwamba nyumba itakuwa baridi, kwamba anampenda na hajui namna ya kulisema, angelia na pengine angesamehe palepale. Aliyosikia ni hayo. Nani atanikanyagia. Yalimuuma kiasi kwamba hakulia.

Saa ilikuwa tano na nusu. Na hapa ndipo ninapomhurumia zaidi, kwa sababu baada ya kuambiwa hayo, njia ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ilipitia kwenye kile kiti kilichochanika. Upepo alikuwa ameuingiza mwenyewe. Hakuna mwingine pale aliyeweza kukanyaga. Alitaka kuiondoa gereji ile machoni pake, na ili aiondoe ilimbidi arudi akae, aweke mguu uleule juu ya pedeli ileile, kwa ajili ya mtu yuleyule.

Akarudi akakaa.

"Mama, kaa hapo hapo, usigeuke tena," alisema. "Uangalie mapovu. Wewe, Baba Ikram, leo husemi neno. Nitasema mimi."

Bibi akarudisha chupa, mpira ukachomekwa, na Tatu akakanyaga mara tatu. "Fungua." Kikafunguka. "Funga." Kikafungwa. Akaachia bila kuambiwa. Bibi, aliyekalia tairi bovu na kuutazama uso wa mkwe wake aliyelala kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alitangaza hali ya chupa kama mtu anayesoma mwandamo wa mwezi: "Yapo. Yapo mengi. Yapo kidogo. Moja. Hakuna." Tatu akakanyaga tena ahakikishe. Pedeli ikamsukuma. "Hakuna," naye akasema, na ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Wakaondoka. Bibi alikaa mbele, akijisikia vibaya kwa adabu aliyoivunja, akawa anaomba radhi kwa Mungu chinichini. Tatu alikaa kati yake na Mhina. Kila Mhina alipobadili gia, mguu wa Tatu wa kushoto ulibonyeza sakafu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Walipofika Sindeni aliukataza, ukaendelea. Alipoukunja chini ya kiti ulikufa ganzi, akaunyoosha, ukaanza tena.

Walifika Misima mikeka inakaribia kukunjwa. Jabiri alipoliona gari alisimama, akamtazama shemeji yake kwenye usukani, na shemeji akatazama kilometa zilizosomeka mbele yake. Mzee Hiza, baba mdogo wa Tatu, akaamuru mkeka urudishwe. Bibi Mwanaisha hakuweza kukaa chini, akasema akiwa amesimama na fimbo. Alirudia maneno ya marehemu, na mahali aliposimama akiyasema, na kwamba siku hiyo walikuwa wanapukuchua mahindi. Kisha akauliza kama kuna mtu kwenye ule mkeka anayeweza kuitaja michungwa ile kwa safu zake, kutoka mtoni kuja juu. Jabiri, anayeiuza, hakuweza. Tatu akaitaja yote, na miwili iliyokauka akaisema.

"Cha Tatu ni cha Tatu," Mzee Hiza alisema, na wakahamia kwenye shamba jingine.

Tatu hakurukaruka. Alikwenda barabarani, gari lilipokuwa, akamkuta Mhina anafuta kioo kisafi.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Alhamdulillahi." Akaendelea kufuta. "Basi twende. Jumatatu kuna Fuso, breki zote nne."

"Mama anabaki. Nami nabaki."

"Mpaka lini?"

"Sijui," Tatu alisema, na alikuwa hajui kweli. "Ikram yuko shule ya bweni mpaka Desemba. Hakuna anayenililia huko."

"Na mimi?"

Alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, angekuwa mbaya angeshaondoka zamani.

"Kanyaga mwenyewe," alisema.

Mhina alikikunja kitambaa chake. Halafu akapanda, akawasha. Tatu alisikia klachi inaingia na gia inashika bila kelele hata chembe, kama gari jipya, na akajua hiyo ni kazi yake. Land Rover likageuka kuelekea Korogwe, vumbi la pembeni mwa barabara likapanda, likashuka.

Akabaki amesimama. Alitaka kurudi walipo watu akashindwa kusogea, akatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekaza, kidole gumba kimezama kwenye udongo mwekundu, msuli wa paja unatetemeka, kama vile bado kuna mtu chini yake amefungua kiskrubu. Akangoja. Hakuna aliyesema. Ikabidi aseme mwenyewe, kwa sauti, pale barabarani, na mpita njia mmoja akageuka kumtazama.

"Achia," Tatu alisema. "Achia."